Chungu hakisahau: kigae cha kale kinavyowataja waliokunywa maziwa

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo, itatusubiri tu, haina pa kwenda. Nataka tuongelee vyungu.

Kama umekulia kwenye nyumba yenye vyungu vya udongo, sheria hii unaijua: chungu cha samaki ni cha samaki. Jichanganye siku moja ukichemshie maziwa uone. Utakisugua kwa mchanga, utakisugua kwa majivu, utakianika juani kutwa nzima, na bado chai ya jioni itanuka perege. Halafu bibi atauliza kwa ule upole wake wa hatari: "Nani kagusa chungu changu?"

Bibi hakusoma kemia. Lakini jambo alilokuwa analijua ndilo ambalo wanakemia wamelijengea fani nzima: udongo uliochomwa unakunywa mafuta, na ukishayanywa hauyaachii kirahisi. Yanakaa mle miaka, karne, hata miaka elfu saba. Akija mtu mwenye vifaa vinavyofaa anayatoa na kukwambia humu palipikwa nini. Na hahitaji chungu kizima, kigae kinamtosha. (Kigae ninachosema ni kile kipande cha chungu kilichovunjika, siyo vile vya sakafuni vya wenye nazo.)

Najua kuna mdau ameshaanza kuandika kule chini, "Sasa hiyo inanisaidia nini mimi?" Subiri kwanza. Kama wewe ni wale ambao glasi moja ya maziwa inawapeleka uani mbio, habari hii ni yako kabisa.

MAFUTA YANAKAAJE MIAKA YOTE HIYO?

Chungu cha kienyeji hakina rangi ile ya kung'aa ya vikombe vya dukani. Ukuta wake una vitundu vidogo mno, macho hayavioni. Ndiyo maana mtungi unapoza maji: maji yanapenya polepole, yanatoka nje kama jasho na upepo unayakausha. Sasa ukipika nyama, mafuta yanayeyuka kwa joto na kuingia kwenye vitundu hivyohivyo. Chungu kikipoa, yameshanasa.

Baadaye chungu kinavunjika, kinatupwa jalalani, kinafunikwa na udongo. Mvua inanyesha miaka na miaka. Chumvi inaondoka, sukari inaondoka, kila kinachoyeyuka kwenye maji kinaondoka. Mafuta je? Mafuta na maji hawapatani, hata mtoto anayeosha vyombo anajua. Na bakteria ambao wangeyala wanapata shida kuyafikia mle ndani. Basi yanabaki. Siyo yote, na siyo kama yalivyokuwa. Mafuta yenyewe yanameguka na kuacha vipande vinavyoitwa asidi za mafuta. Viwili ndivyo vinavyoonekana sana kwenye vigae, asidi ya palmitiki na asidi ya steariki. Yashike majina haya mawili, tutarudi kwao.

Maabara wanafanyaje? Kwanza wanakwangua uso wa nje wa kigae kwa drili ndogo, kwa sababu uso umeshikwa na mikono ya watu na umelala kwenye udongo wa nje. Kisha wanakata kipande kidogo, gramu mbili hivi, na kukitwanga kuwa unga kwa kinu na mchi. Ndiyo, kinu na mchi, tofauti ni kwamba hiki ni kidogo na kisafi kupita kiasi. Unga unachanganywa na viyeyushi kama klorofomu na methanoli, ambavyo vinayavuta mafuta yatoke kwenye udongo. Siku hizi wengi wanatumia methanoli iliyotiwa asidi, inatoa mafuta mengi zaidi.

Kinachopatikana kinaingizwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi. Usiogope jina. Fikiria bomba jembamba kama unywele nene, refu mita 30 au zaidi, limekunjwa kama waya ndani ya oveni. Molekuli zinasukumwa na gesi zipite humo. Nyepesi zinakimbia, nzito zinachelewa, kwa hiyo zinatoka upande wa pili kwa foleni, moja moja kwa zamu yake. Pale mlangoni kuna mashine nyingine inayozivunja kila inapotoka moja na kupima uzito wa vipande. Kila molekuli inavunjika kwa namna yake, kama sahani na kikombe visivyovunjika sawa. Mtaalamu akitazama vipande anajua kilichovunjika kilikuwa nini.

Mambo mengine yanajitaja yenyewe hapohapo. Nta ya nyuki ina mpangilio wa molekuli ambao huwezi kuuchanganya na kitu kingine. Samaki na viumbe wa majini wakipikwa kwa moto mkali wanaacha asidi zenye umbo la duara ambazo hazitokani na nyama ya mbuzi. Hata kabichi! Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza akina Richard Evershed walikuta kwenye vigae vya zama za kati nta ile inayoteleza juu ya majani ya jamii ya kabichi. Yaani mtu kachemsha mboga zake miaka elfu moja iliyopita, kala, kafa, kasahaulika, lakini mboga imebaki na ushahidi.

MAZIWA AU NYAMA?

Hapa ndipo panaponifurahisha mimi. Mafuta ya nyama ya ng'ombe na mafuta ya maziwa ya ng'ombe huyohuyo, yakishakaa ardhini miaka elfu kadhaa, yanafanana. Yote yanabaki palmitiki na steariki. Mnyama mmoja, nyasi zilezile. Utatofautishaje?

Jibu lilitolewa mwaka 1998 na Stephanie Dudd na huyohuyo Evershed, kwenye jarida la Science. Iko hivi. Atomu za kaboni si zote uzito sawa. Katika kila 100, karibu 99 ni nyepesi (kaboni-12) na moja hivi ni nzito kidogo (kaboni-13). Mmea unapotengeneza mafuta yake, kaboni nzito inaingia kidogo kuliko inavyoingia kwenye wanga wake.

Sasa ng'ombe anakula nyasi. Mafuta ya mwilini mwake, yale unayoyaona kwenye nyama buchani, anayatengeneza mwenyewe kwa kiasi kikubwa kutokana na wanga na nyuzinyuzi za nyasi zilizosagwa tumboni. Lakini kiwele kina udhaifu mmoja: hakiwezi kutengeneza asidi ya steariki. Inabidi kiichukue kwenye damu, na sehemu kubwa ya hiyo imetoka moja kwa moja kwenye mafuta ya nyasi, baada ya vijidudu vya tumbo la kwanza kuyageuza. Kwa hiyo steariki ya maziwa ina kaboni nzito kidogo kuliko steariki ya nyama. Mnyama ni yuleyule, lakini njia mbili za jikoni ndani ya mwili wake zimeacha alama mbili.

Wanapima tofauti kati ya steariki na palmitiki ndani ya kigae kilekile. Steariki ikiwa chini ya palmitiki kwa zaidi ya sehemu tatu na kidogo kwa kila elfu, hayo ni maziwa. Tofauti ikiwa ndogo zaidi ya hapo, ni mafuta ya mwili wa mnyama anayecheua, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo na jamaa zao wa porini. Ikikaribia sifuri au kupita juu yake, tafuta mnyama mwingine, nguruwe kwa mfano.

Uzuri wa kupima tofauti ni kwamba haijalishi sana mnyama alilishwa wapi. Nyasi za savana yetu zina kaboni nzito zaidi kuliko majani ya miti na vichaka, kwa hiyo namba za ng'ombe wa Manyara na wa Uingereza haziwezi kulingana. Lakini zote mbili, steariki na palmitiki, zinapanda na kushuka pamoja, na tofauti yao inabaki inaongea. Hata hivyo watafiti makini hawalali hapo. Wanakusanya mafuta ya mifugo wa leo wa Afrika na kupima, badala ya kuchukua namba za ng'ombe wa Ulaya na kuwabandika wafugaji wetu. Hilo nalipongeza, maana tumeshapimwa sana na rula za watu wengine.

Njia hii haijui kila kitu. Haikwambii kama yalikuwa maziwa mabichi, mtindi, siagi au jibini. Haikwambii ng'ombe au mbuzi. Inasema tu: maziwa ya mnyama anayecheua yalikaa humu. Mengine inabidi uyatafute kwa akili. Kule Poland kulikuwa na vigae vya miaka 7,000 hivi vyenye matundu mengi kama chujio. Mtaalamu mmoja, Peter Bogucki, alishasema tangu miaka ya 1980 kwamba ni vya kuchujia jibini. Ikabaki dhana tu. Mwaka 2013 wakapima, wakakuta mafuta ya maziwa. Umbo la chungu na kemia vikasema kitu kimoja.

SAHARA ILIYOKUWA NA MALISHO

Mwaka 2012 Julie Dunne wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzake walitoa matokeo ya vigae 81 kutoka Takarkori, pango la mwamba kwenye milima ya Tadrart Acacus, kusini magharibi mwa Libya. Leo pale ni jangwa tupu. Lakini miaka 7,000 iliyopita Sahara ilikuwa na maji, nyasi na ng'ombe. Watu wa huko walichora ng'ombe kwenye miamba, wengine wakiwa na viwele vilivyojaa. Michoro ilikuwepo siku zote, lakini mchoro hauwezi kuthibitisha kwamba mtu alikamua akanywa. Vigae vikathibitisha. Mafuta ya maziwa yalikuwemo, na kwa kuwa yalikuwa ndani ya vyungu vya kupikia, inaelekea walikuwa wanayasindika kwa moto, siyo kunywa mabichi tu.

Baadaye, mwaka 2016, kundi hilohilo likaonyesha kwamba wawindaji wa Sahara ya Libya walikuwa wanapika mimea kwenye vyungu, nafaka za porini na majani, zaidi ya miaka 8,000 kabla ya Kristo. Kilimo kilikuwa bado hakijafika hapo. Na kule Nigeria, kwenye utamaduni wa Nok ambao mnaujua kwa zile sanamu za vichwa vya udongo, vigae zaidi ya 450 vilipimwa na karibu theluthi moja vikawa na nta ya nyuki. Miaka 3,500 hivi iliyopita, watu wanarina asali. Matokeo yakatoka mwaka 2021. Vipi nta iingie kwenye chungu? Pengine waliyeyusha masega, pengine walipika na asali, pengine walitengeneza pombe. Hapo kila mtu achague kwa kadiri ya kiu yake.

SASA TUJE KWETU

Kuanzia miaka 5,000 hivi iliyopita wafugaji walishuka kutoka kaskazini wakaingia Kenya, na baadaye Tanzania, wakiwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Makazi yao yamechimbwa sehemu nyingi. Moja ni Luxmanda, kwenye nyanda za Mbulu kaskazini mwa Tanzania, lenye umri wa miaka 3,000 hivi. Mifupa ya mifugo ipo kibao. Lakini mfupa unakwambia mnyama aliliwa. Haukwambii vizuri kama alikamuliwa.

Mwaka 2020 Katherine Grillo na wenzake, Dunne akiwemo, walichapisha matokeo ya vigae 125 vya wafugaji hao kutoka Kenya na Tanzania. Maziwa wakayakuta, na ndio ushahidi wa moja kwa moja wa zamani kuliko wote uliokuwa umepatikana Afrika Mashariki kwa wakati huo. Lakini jamani, nyama ilikuwa nyingi! Mafuta ya nyama na ya mifupa, yale yanayotoka ukichemsha supu muda mrefu. Na mimea nayo ilikuwemo. Kwa hiyo ile picha ya mfugaji wa kale anayeishi kwa maziwa matupu na damu inabidi ipunguzwe makali. Hawa walikuwa watu wa supu.

Hapa naweka neno langu. Mtu akiona maziwa machache kwenye vigae asikimbilie kusema hawakunywa maziwa. Nenda kwa Wamasai, nenda kwa Wabarabaig, uliza maziwa yanakaa kwenye nini. Kibuyu! Kinasafishwa kwa kijinga cha moto, maziwa yanaganda humo vizuri, yananukia moshi. Na kibuyu kikifa kinaoza, hakiachi kigae. Nusu ya jikoni ya Mwafrika wa kale ilikuwa ya mimea, ngozi na miti, na hiyo yote imeoza. Tunachokisoma ni nusu iliyobaki.

Habari njema ni kwamba kuna shahidi mwingine: ugaga wa meno. Ule uchafu mgumu ambao daktari wa meno anaukwangua unanasa protini za chakula. Mwaka 2021 Madeleine Bleasdale na wenzake walipima ugaga wa watu wa kale wa Sudan na Kenya, wakakuta protini za maziwa, za Sudan zikiwa na umri wa miaka 6,000 hivi. Protini ya maziwa kwenye meno ya mtu, hapo hakuna ubishi tena kwamba aliyaweka mdomoni.

TUMBO LAKO SASA

Twende kwa yule mdau wa kukimbilia uani. Maziwa yana sukari inayoitwa laktosi. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kuivunja. Kwa watu wengi kimeng'enya hicho kinapungua wakikua. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wako hivyo, kwa hiyo wewe siyo mgonjwa, wewe ndiye wa kawaida. Laktosi isipovunjwa inafika utumbo mpana, bakteria wanafanya sherehe, gesi, muungurumo, mengine unayajua mwenyewe. Wachache wana badiliko kwenye jeni linalowaruhusu kunywa mpaka uzeeni.

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwemo watafiti wa hapa kwetu, walitoa utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, kutoka makabila 43. Wakakuta kwamba badiliko la Waafrika hawa siyo lile la Wazungu. Yalitokea mbalimbali, kila upande na lake, matokeo yaleyale. Na lile linaloonekana sana Kenya na Tanzania lilienea kwa kasi kubwa ndani ya miaka elfu chache tu.

Hadithi iliyokuwa inasimuliwa ilikuwa nyepesi: watu walipata jeni, wakaanza kunywa maziwa, wakanenepa, wakazaa. Vigae vimeivuruga. Maziwa yanaonekana kwenye vyungu na meno maelfu ya miaka kabla jeni haijawa ya kawaida. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu wa kale 41 wa Kenya na Tanzania, na kati yao aliyeonekana na badiliko hilo ni mmoja, wa pango la Gishimangeda upande wa Ziwa Eyasi, aliyeishi miaka 2,000 hivi iliyopita. Mmoja! Wengi wa waliobaki walikuwa wafugaji na mifugo yao, na matumbo kama lako.

Waliwezaje? Jibu la kwanza unalijua. Mtindi. Maziwa yakiganda, vijidudu vimeshakula sehemu ya laktosi kabla yako. Ndiyo maana kuna mtu maziwa mabichi yanamsumbua lakini mgando anakunywa kibuyu kizima.

Jibu la pili linatisha kidogo. Mwaka 2022 Evershed na timu kubwa walikusanya mabaki ya mafuta karibu 7,000 kutoka vigae vya maeneo zaidi ya 550, mengi ya Ulaya, wakayalinganisha na vinasaba. Wakakuta kwamba wingi wa maziwa peke yake hauelezi kuenea kwa jeni. Kilichoeleza vizuri zaidi ni dalili za njaa na magonjwa. Fikiria: mtu mwenye afya akiharisha kwa sababu ya maziwa anaona aibu, basi, kesho yuko kazini. Lakini mwaka wa njaa, mavuno hakuna, akiba ya mtindi na jibini imekwisha, kilichobaki ni maziwa mabichi, na mtoto tayari amekonda au ana ugonjwa wa tumbo. Kuharisha wakati huo siyo aibu, ni kifo. Mwenye jeni anabaki, asiye nayo anazikwa. Mara moja, mara mbili, vizazi mia. Kwa hiyo hao wanaojivunia kunywa lita nzima bila tatizo, huenda mmeachiwa urithi huo na misiba ya zamani.

Tujihadhari: hiyo ni Ulaya. Kwetu vigae 125 ni mwanzo tu, hatuwezi kuchukua jibu la huko na kuliweka hapa kama tulivyo.

WANAKOSEAGA?

Wanakosea sana, na wanaokubali ndio wa kuaminiwa. Mwaka 2007 Hans Barnard na wenzake walichapisha jaribio zuri. Chungu kimoja chenye mabaki ya chakula kinachojulikana kiligawanywa kwa maabara mbalimbali, bila kuambiwa kilichokuwemo. Njia saba zikatumika. Majibu yakaja mchanganyiko, hayakulingana. Kilichokuwemo kilikuwa maziwa ya ngamia.

Halafu chungu hakipiki mlo mmoja. Watafiti wa Marekani na wa Bristol walipika kwa vyungu vya udongo mwaka mzima, karibu mara 50, kisha mwishoni wakabadilisha chakula. Matokeo yalitoka mwaka 2020: ukoko ulioungua ndani unataja mlo wa mwisho mwisho, lakini mafuta yaliyonywewa na ukuta ni mchanganyiko wa historia yote ya chungu. Ni kama kusoma daftari la duka ambalo kila siku imeandikwa juu ya jana yake.

Na kuna vyakula ambavyo havionekani kabisa au vinaonekana kwa shida. Ugali mtupu. Wali bila nazi. Mchicha wa kuchemsha na chumvi. Havina mafuta ya kutosha kuacha alama, na wanga unaoshwa na maji. Fikiria mtu wa mwaka 5000 akipima sufuria zetu, kama zingekuwa za udongo: ataandika kwamba watu hawa walikula nyama. Ile ya sikukuu! Ugali wa siku 360 nyingine hataujua. Nyama ina sauti kubwa kwenye chungu, maskini ana sauti ndogo.

Jingine, chungu kipya. Wafinyanzi wa sehemu nyingi duniani wanakiziba kabla ya kukitumia, kwa utomvu, uji, maziwa au mafuta, kisivuje. Kwa hiyo mafuta ya maziwa yanaweza kuwa ya kuzibia, siyo ya mlo.

UKIOKOTA KIGAE SHAMBANI

Hili ni kwa wale wa vijijini na wale wanaoenda likizo. Jembe likigonga vigae vingi mahali pamoja, usifukue. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, kuchimba bila kibali ni kosa, na kigae kikishatoka mahali pake hakuna anayejua tena ni cha lini. Piga picha, toa taarifa kwa serikali ya kijiji au ofisi ya mambo ya kale. Usikisugue: mafuta ya ndani yanaweza kuvumilia maji, lakini ukoko mweusi wa juu ukiuondoa umeondoa mlo wa mwisho wa mtu. Usikipapase sana, vidole vyako vina mafuta yake na mashine inayaona, kolesteroli yako inakuwa kolesteroli ya mtu wa kale. Na usikitie kwenye mfuko wa plastiki. Plastiki inaachia kemikali za kulainishia, na hizo zimewahi kuonekana kwenye matokeo mengi sana. Karatasi ya alumini ni bora.

Mwanafunzi wa kemia unayesoma hapa huku dakika zako zinakatika, nakupa jambo moja la kufikiria. Vipimo vingi nilivyovitaja vilifanyika Ulaya, hasa Bristol. Kigae cha Mbulu kinapanda ndege, mwenye Mbulu anasubiri jibu lichapishwe kwa Kiingereza. Lakini yule anayesoma mashine hawezi kujua kwamba kibuyu kinafukizwa moshi, wala kwamba chungu cha kwao kinazibwa kwa nini. Hayo unayajua wewe, au anayajua bibi yako.

Basi leteni maoni. Mnaotoka Mbulu, Hanang, Kondoa, Narok, Kajiado, Pare, kwa Wakisi na kwingine kote: kwenu chungu kipya kinatiwa nini kabla ya kupikia mara ya kwanza? Maziwa yanakaa kwenye chungu au kwenye kibuyu? Na kuna chungu ambacho ni mwiko kuchanganya? Taja sehemu na chakula, majina ya watu acha.